Sauti ya Kituo cha Tisa

Asubuhi za Lilongwe ninazozikumbuka zina harufu ya lehemu na majani ya mkalitusi. Nimekaa kwenye stuli isiyo na mgongo, hedifoni zimenibana masikio, macho nimeyafumba. Mbele kabisa kuna mlio kama mvua juu ya bati, na nyuma ya mvua hiyo, mbali, kuna mtu anazungumza. Sielewi hata neno lake moja. Nina miaka ishirini na mbili, na nina furaha ambayo leo nikiikumbuka naionea haya kidogo.

Lakini nimetangulia. Kwanza niseme foni ni nini.

Kwetu, kwenye ukingo wa ziwa upande wa Fizi, simu tulizisikia kwa waliotoka Bujumbura. Sisi tulikuwa na foni. Ilikuwa redio ya kuitana, boksi la kijivu zito kama jiwe la kusagia, likila betri ya gari ndani ya chumba kidogo nyuma ya kanisa la misheni. Baba yangu ndiye aliyekuwa opereta. Watu walimletea maneno yao: mgonjwa amefika, dawa zimekwisha, shangazi amejifungua na mtoto ni msichana, maharage yamekwama kwa sababu daraja limekwenda na maji. Baba aliyasema hewani kwa sauti isiyo na haraka, maneno matatu halafu pumziko, maneno matatu halafu pumziko, ili wa upande wa pili apate kuandika. Mimi nilikaa karibu na dirisha na daftari, nikiandika yanayorudi.

Kila asubuhi saa moja na nusu kituo kikuu cha Uvira kiliita vituo vyote kwa namba, kuanzia kimoja hadi kumi na nne. Sisi tulikuwa Tisa. Ukisikia namba yako unajibu kwamba upo, unasema kama mvua imenyesha na kama kuna amani, kisha unanyamaza umpishe wa kumi. Majina ya watu hayakutajwa, kwa sababu hewa haina mlango na hujui nani ameingia. Desturi hiyo imenikaa mwilini mpaka leo, ndiyo maana katika maneno yangu haya hutakuta jina la mtu.

Tena foni ilikuwa na mwenyewe. Kiti cha opereta hakikaliwi na mwingine wakati yeye yu hai. Ndivyo walivyofanya wa kabla ya baba na ndivyo alivyofanya yeye. Alipolala na malaria, Tisa ilinyamaza siku sita nzima, na mama, ambaye kila siku alichambua maharage nje ya dirisha lile, alipita na uji mpaka kizingitini bila kukanyaga ndani. Mimi niliyeandika miaka mitano sikuwahi kubonyeza kitufe cha kusemea hata kwa majaribio. Jambo hilo liliniudhi, na mimi nikiudhika sijui kuficha. Nilimwambia baba ni uchoyo. Alicheka, akasema nisubiri afe.

Vita vilipokuja mara ya kwanza tulilala porini wiki tatu, tukarudi, tukakuta foni nzima, maana baba alikuwa ameifukia shambani ikiwa imefungwa kwenye ngozi ya mbuzi. Vilipokuja mara ya pili baba alisema hafukii tena. Alisema kituo kikinyamaza watu wa vituo vingine wanaogopa kuliko wakisikia risasi. Mama akasema hamwachi. Mimi wakanipandisha kwenye boti la wakimbizi alfajiri moja yenye ukungu, na toka siku hiyo sikuwa na habari yao. Nilifika Kigoma, nikasikia kwamba kusini kuna nchi isiyo na vita, nikaifuata nchi hiyo kwa malori na kwa miguu mpaka nikafika Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi.

Dzaleka habari zilikuwa nyingi, na hilo ndilo lililokuwa tatizo. Kila aliyewasili kutoka upande wetu tulimzunguka kabla hajatua mzigo. Mmoja alisema misheni imechomwa. Mwingine alisema inasimama, hata mabati yapo. Mama mmoja aliapa kwamba amemsalimia baba kwa mkono wake mwenyewe, na mwezi haujaisha mzee mwingine akaniambia pole kwa msiba, kisha alipoona uso wangu akasema labda amechanganya na opereta wa kituo kingine. Nikachoka na habari za midomo. Nilitaka kujua jambo moja tu: baba yangu yu hai au la. Mengine yote, ugali wa mgao, paa la nyasi lililovuja, foleni za karatasi, niliyaona kwa mbali kama mambo ya mtu mwingine.

Ndipo watu wa kanisa walioendesha zahanati ya kambi wakapata redio tano zilizokwisha kutumika, za aina ile ile ya foni ila za kisasa zaidi, zenye vitufe na kumbukumbu ndani yake. Walitaka ziwekewe masafa yao ya kazi. Walitaka pia masafa yanayotumika sana kule kwetu, wapate kusikiliza habari za watu waliobaki. Wakauliza kanisani, baada ya ibada, kama kuna ayajuaye masafa ya ng'ambo ya ziwa. Mkono wangu ulikuwa juu kabla swali halijaisha. Baba alikuwa amenikaririsha yote kumi na manne kama zaburi, kwa sababu daftari linaweza kunyang'anywa njiani, lakini kichwa, alisema, wakikinyang'anya basi huna haja nacho tena.

Ruhusa ilitoka Capital Hill, kwenye ofisi za serikali, kwa barua yenye mihuri miwili. Redio zitasema kwenye masafa ya zahanati peke yake. Masafa mengine yote ni ya kusikiliza tu.

Fundi alikuwa mzee wa Area 25, mtaa wa Lilongwe, mstaafu wa posta, mpenda redio wa miaka mingi mwenye leseni yake ukutani ndani ya fremu, pale ambapo wengine huweka picha ya harusi. Kwa leseni ile alizungumza na wageni wa mbali kwa kujifurahisha, kwenye masafa ya wapenda redio, na kila alilosikia na kusema aliliandika kwenye kitabu kikubwa chenye mistari. Ujanani alifanya kazi ya nguzo za simu Mbeya, kwa hiyo Kiswahili alikuwa nacho, kikavu kidogo kwa kukaa muda mrefu bila kutumika. Nilimwita agogo, kama Wamalawi wanavyowaita wazee wao. Yeye aliniita mwanangu tangu siku ya kwanza, baada ya kuniangalia viatu.

Kazi yenyewe ilikwenda taratibu. Mimi nilitaja masafa, tarakimu moja moja. Yeye alibonyeza, akasoma kwenye kioo, akanirudishia, nikaitika, akabonyeza kitufe cha kuhifadhi na redio ikalia mlio mdogo kama kifaranga. Kila mara kabla ya mlio huo alikuwa akinung'unika jambo: "Chini ya kumi, upande wa chini. Juu ya kumi, upande wa juu." Alilinung'unika kama mtu anayesema sala ya chakula, na akabonyeza kitufe kingine pembeni. Mimi sikujua pande hizo ni za nini. Foni ya baba haikuwa na kitufe hicho. Ilikuja imefungwa hivyo ilivyo kutoka kiwandani. Lakini nilikuwa nimejitambulisha kama mjuzi, mtoto wa opereta, na mjuzi haulizi. Nikatikisa kichwa kila aliponung'unika.

Masafa ya wito wa asubuhi, ambayo vituo vyote viliitikia, yalipoingia, mzee alinivisha hedifoni, akachukua ndoo yake.

"Hubaki, agogo?" nikamuuliza.

"Ayi, mwanangu. Barua ya mtu haisomwi na jirani. Mimi nasikiliza wanaonitafuta mimi." Akaenda kumwagilia mboga zake za mpiru.

Ilikuwa saa moja na nusu kasoro kidogo. Mlio wa mvua, mlio wa mvua. Halafu, kama mtu anayefungua mlango ndani ya mvua hiyo, sauti. Nilishtuka nikashika meza. Ilikuwa sauti ya ajabu, kama ya mtu mwenye maji kinywani ambaye tena anaongea akianzia mwisho kuja mwanzo. Hakuna neno lililoshikika. Haikuwa nene wala nyembamba, haikuwa ya kijana wala ya mzee. Nikasema ni umbali. Nikasema ni vita, maana vita viliharibu kila kitu na sikuona kwa nini visiharibu sauti. Lakini mwendo wake niliujua: mmoja anauliza kifupi, mwingine anajibu, kimya, anauliza tena. Walikuwa wanaitana. Nikahesabu kwa vidole. Wa nne hakujibu. Wa saba hakujibu. Mkono mmoja uliisha, nikaingia wa pili.

Wa tisa akajibu.

Alijibu kwa mwendo ule ule, matatu na pumziko, matatu na pumziko. Kwetu foni ina mwenyewe, na mwenyewe alikuwa mmoja. Nililia machozi yakaingia kwenye sponji za hedifoni, na mzee aliporudi na ndoo tupu nikamwambia nimemsikia baba yangu. Akavua kofia.

"Anasikika vizuri?"

"Vizuri kabisa," nikasema. Sijui kwa nini. Labda niliogopa kwamba nikikiri kuwa simwelewi, mzee ataweka mkono wake hapo na kuiondoa hata ile sauti niliyoipata.

Ruhusa ya kutoka kambini nilipewa ya siku tatu kila wiki, Jumanne hadi Alhamisi, na ikawa hivyo kwa majuma saba. Redio zilikuwa kuukuu, kila moja na kilema chake, na mzee hakuwa mtu wa kuharakishwa. Usiku nilijihifadhi mtaa wa Mtandire kwa mama mmoja mshonaji wa kwetu Fizi, na alfajiri nilitembea mpaka Area 25 wakati barabara ilikuwa bado ya wanawake wenye ndoo za nyanya na wanaume wanaokwenda kutafuta kibarua. Siku zile sikutembea kama watu. Nilielea. Sauti ile ya maji nilikuwa nayo masikioni hata nilipovua hedifoni. Niliisikia kwenye cherehani ya mshonaji, kwenye mabati yakipata joto, kwenye matairi juu ya lami. Kwa kuwa haikuwa na maneno, niliipa maneno. Nikivuka mfereji baba alisema habari ya betri, kwamba imeanza kuchoka. Nikila mandazi alisema ziwa limetulia. Mara moja, nimekaa juani nikisubiri mzee atoke kwenye ibada ya Jumatano, alisema ananisikia nikisikiliza, na nikaamini kabisa, nikatabasamu peke yangu barabarani mpaka watoto wakanicheka.

Sijawahi kuwa karibu na baba kama majuma yale. Nyumbani alinituma, alinisahihisha, alinikatalia kitufe. Hewani alikuwa wangu, mpole, na akasema yote niliyotaka.

Ubaya ni kwamba sikuishia kujidanganya mwenyewe. Mshonaji aliniuliza jioni ya wiki ya pili, mguu wake ukiwa bado kwenye pedali, "Na kwetu kuko amani?"

"Kuko," nikasema.

"Na mvua?"

"Mvua iko mingi. Banapanda."

Aliimba usiku ule akishona mashati ya shule. Wiki iliyofuata nilikuta ameanza kuweka vitambaa vyake kwenye gunia, kidogo kidogo, kama mtu ambaye hajaamua lakini mikono yake imeamua. Nilipaswa kusema hapo hapo. Nilikula ubwali wake wa muhogo na samaki wake nikanyamaza. Baadaye nilipomwambia ukweli hakunigombeza. Alitoa vitambaa kwenye gunia kimoja kimoja akavikunja upya, na kwa siku nyingi alinisalimia kwa kichwa tu. Heri angenigombeza.

Alhamisi ya juma la saba gari la zahanati lilikuwa lije mchana kuchukua redio zote tano. Baada ya hapo zingefungwa ukutani Dzaleka na kwingineko, mikononi mwa watu wenye funguo, na mimi nisingekuwa na stuli tena wala asubuhi. Mzee alikuwa na fomu ya kutia sahihi kwamba kila redio imejaribiwa. Alikuwa mtu wa kuandika kweli. Hakuweza kutia sahihi juu ya kitu ambacho sikio lake halijakisikia.

"Nipe kidogo, mwanangu," akasema. "Dakika moja tu. Sitasikiliza maneno, nitasikiliza nguvu."

Kituo kikuu kilikuwa kimefika cha tatu au cha nne. Nilishika hedifoni kwa mikono miwili. Nilitaka kusema hapana, na sikuwa na sababu ya kuitoa. Nikampa.

Haikufika hata dakika. Uso wake ulikunjuka, akaanza kucheka, kisha akaniangalia na kicheko kikamkauka mdomoni.

"Mwanangu. Majuma saba ulikuwa unasikiliza hivi?"

"Ni mbali," nikasema. "Na kuna vita."

"Ayi. Hawa wanasema upande wa juu wa wimbi. Sisi wapenda redio, chini ya megahezi kumi tunasema upande wa chini, ndiyo kawaida yetu. Niliweka kwa mazoea." Aliangalia mezani, akaona kipande cha kitenge changu nilichofungia mkate, akakigeuza ndani nje. "Ona. Ni nguo ile ile. Ulikuwa unaitazama upande wa nyuma. Kwa nini hukuniambia?"

Nilihisi hasira imenipanda mpaka kwenye nywele. Nilimkasirikia yeye kwa mazoea yake, na adabu yake ya kwenda kumwagilia mpiru wakati mtu anapotea. Nilijikasirikia mimi mara mia. Na chini ya hasira nilikuwa na hofu, kwa sababu nilijua kwamba akibonyeza kitufe kile baba yangu wa majuma saba atakwenda zake na atakuja mwingine, wa kweli, mwenye maneno yake mwenyewe. (Redio zote tulizipanga upya kabla gari halijafika, masafa kumi na manne mara tano.)

"Bonyeza, agogo," nikasema.

Akachomoa waya wa hedifoni ili spika iseme chumbani, akabonyeza. Mara Kiswahili cha kwetu kikajaa Area 25, chepesi, karibu, kama kinapita dirishani. Walikuwa wamefika kituo cha nane.

"Munane?"

"Munane iko. Hakuna mvua. Kuko amani kidogo."

"Asanti, Munane. Tisa?"

"Tisa iko," sauti ikasema. "Mvua ilinyesha, jana mangaribi. Bagonjwa babili, banangojea dawa. Amani iko kidogo."

Alikuwa mama yangu.

Mama yangu, asiyejua kusoma, aliyechambua maharage nje ya dirisha miaka yote ile, alikuwa anasema maneno matatu na pumziko. Yu hai. Nilisimama stuli ikaanguka. Yu hai, mvua imenyesha kwake jana, ameiona. Na kabla furaha hiyo haijanifika miguuni nikajua na lile jingine, kwa sababu nilijua kiti kile kinakaliwa lini. Sikuwa nimemsikia baba hata asubuhi moja. Vilikuja pamoja, mama na msiba, kwa pumzi moja, na mpaka leo siwezi kukumbuka kimoja bila kingine.

"Nataka kumujibu," nikasema.

Mzee alitazama kipaza sauti kilichoning'inia kwenye msumari. "Barua inasema kusikiliza."

"Njo mama yangu ule!"

"Nasikia, mwanangu. Barua inasema kusikiliza."

Nikamwambia maneno ambayo mtu hamwambii mzee. Nikamwambia akifa wamzike na fremu yake. Alivuta kitabu chake kikubwa, akakifungua, akachukua penseli, akaandika huku akisoma polepole kama ananiandikia mimi: tarehe, saa, masafa. "Mtu asiye na leseni. Amesema. Kwa ruhusa yangu." Akatia sahihi. Kisha akatoa kipaza sauti msumarini akaniwekea mkononi.

"Wakiniuliza, nitawaonyesha. Sema kifupi."

Cha kumi na nne kilikuwa kimejibu. Kituo kikuu kikauliza, kama kilivyouliza kila siku ya utoto wangu, kama kuna mwenye ujumbe. Nikabonyeza kitufe. Kilikuwa kigumu kuliko nilivyofikiri.

"Tisa, Tisa. Ni mutoto wako. Niko Malawi."

Mlio wa mvua. Niliona mzee amefumba macho.

"Tisa haina mutoto hewani," mama akasema. Sauti yake ilikuwa kavu. Siku zile watu wenye silaha nao walikuwa na redio, na walijua kuita. "Kama ni mutoto wangu, aliondokaka na kitu gani yangu?"

"Kitenge yako ya kijani. Ya samaki. Sikukuombaka."

"Iko wapi?"

"Niliikata, mama. Nilishona robe ya kuvaa. Kipande yenye ilibakia njo nafungiyaka mukate."

"Aah," mama akasema, na ile aah ilikuwa yake, ya jikoni, ya mtu aliyekuta sufuria imeungua. Lakini hakuendelea nayo. Hewani hatulii, na vituo kumi na vitatu vilikuwa vinasikiliza. Nilimsikia akivuta pumzi. "Uko na kalamu?"

Mzee akanigeuzia kitabu chake, ukurasa ule ule, akanipa penseli.

"Niko nayo."

"Andika."

Nikaandika kama nilivyoandika miaka mitano, naye akasema kama alivyosema mwenye kiti. Kwa mutoto wa Tisa. Baba yako alikufa, wakati ya kuvuna muhogo. Alikufa na homa, haikuwa ya masasi. Tulimuzika nyuma ya kanisa. Alikuwa anakuuliza. Kwa foni sasa niko mimi. Usirudie huku kwanza. Ni mama.

Ujumbe wa foni haufungwi mpaka aliyeandika ausome wote kwa mwenye kuutuma. Asipousoma, au akikosea, unahesabiwa haukufika, na opereta hawezi kuondoka kitini. Kwa hiyo nilibonyeza nikasoma. Kwa mutoto wa Tisa. Baba yako, wakati ya kuvuna muhogo, na homa, haikuwa ya masasi. Nikaendelea, kanisa, kuuliza, foni, mpaka kwenye jina lake. Nilisoma vizuri, sauti haikutikisika, na nikaachia kitufe.

"Umeruka neno," mama akasema.

Sikubonyeza.

"Umeruka neno moya, fasi mbili. Rudilia."

Nilitazama ukurasa. Neno lilikuwapo, nimeliandika kwa mkono wangu, mara mbili. Mzee aliweka kidole chake chini ya la kwanza, kama mtu anayemsomesha mtoto.

"Rudilia, mutoto wangu," mama akasema, na sasa hakupumzika kati ya maneno. "Bengine banangojea."

Nikabonyeza. "Baba yako alikufa," nikasema, kwa vituo vyote. "Alikufa na homa."

"Njo vile," mama akasema. "Tisa inafunga."